Mara ya Tatu Mnarani

Baba alisema Kisumu anaijua
kama mfuko wa koti lake,
na koti lenyewe alikuwa amelivaa
chini ya jua la kukaanga mayai.
Tulikuwa tumetoka Lugari usiku ungali mbichi,
sisi watano na chupa moja ya chai.

"Miaka sita nimeishi hapa. Fuateni mgongo wangu."
Tukaufuata mgongo.
Ukatupeleka kwa Mhindi aliyemuuzia suruali yake ya kwanza:
pamekuwa benki.
Ukatupeleka kwa fundi viatu aliyemjua kwa jina:
vioo vitupu, simu ndani ya vioo,
na msichana wa kucha ndefu akauliza tunataka ya bei gani.
Baba akasema tunatazama tu.

Mnara wa saa, mara ya kwanza, Mama aliusifu.
Mara ya pili alinyamaza.
Mara ya tatu Mideva, wa miaka mitano, akauamkia:
"Shikamoo, saa."
Adagala akacheka hadi akaegemea ukuta wa watu.
Baba akasema siku hizi mji huu una minara mingi.

Kibuye, usukani ukabadilisha mikono.
Soko halikutaka mtu aliyewahi kukaa mjini,
lilitaka mtu aliyewahi kukosa.
Mama alishika pazia kama anayempima mtoto homa,
akataja bei, akaondoka, akaitwa,
akaondoka tena
(kuondoka kwake ndiko kununua)
mpaka la mia nane likaja kwa mia tatu na hamsini
na vishikizo juu yake.
Adagala alipata viatu vya kidato cha kwanza,
vimezidi namba mbili: "Mguu una akili, utajaza."
Mimi nilipata sidiria yangu ya kwanza,
ikaviringwa ndani ya gazeti, gazeti ndani ya pazia,
na hakuna aliyetia neno,
Baba akiwa amegundua ghafla kwamba mbinguni kuna mawingu.

Njaa haihitaji mwenyeji. Tuliifuata pua
hadi vibanda vya mabati kando ya ziwa,
ziwa lililosongwa na magugu
kama shamba la mtu aliyefariki.
Ngege wawili, mikia nje ya sahani,
ugali unafuka, pilipili imekatwakatwa,
maji ya kunawa yanapitishwa kuanzia kwa mkubwa.

Mwenye kibanda alikuja na unga mikononi.
Alimtazama Baba. Akainamisha kichwa, akamtazama tena.
"Si wewe yule wa ugali kwa mchuzi?
Kila Jumamosi! Samaki, unaniambia, mwisho wa mwezi.
Nikangoja huo mwisho wa mwezi,
nikazaa, nikaozesha, bado nangoja."
Akacheka kicheko kizuri, kisicho na deni,
akarudi motoni.

Mideva akauliza mchuzi peke yake unashibisha vipi.

Nilihesabu kimya: miaka sita.
Sare yangu, bati la jikoni, ng'ombe wa kwanza,
bahasha iliyokuja na dereva
kila tarehe tatu, imekunjwa mara nne.
Mama alichomoa ile nyama ya shavuni,
ile ambayo nyumbani hupiganiwa,
akaiweka upande wa Baba wa sahani
na kuendelea kumlaumu Adagala kwa kula bila kutafuna.
Baba akavua koti.
Shati lake mgongoni lilikuwa limelowa lote.

Jioni Mideva alilala begani pake,
mdomo wazi, kidole kinanuka samaki.
Pazia lilikuwa kichwani kwa Mama, nami nikililinda kwa macho.
Kwenye njia panda Baba alisimama,
akatazama kushoto, akatazama kulia,
halafu akamshika mkono kijana mmoja aliyepita:
"Samahani, ndugu. Magari ya Turbo yako wapi?
Sisi ni wageni hapa."

Kijana akanyosha kidole.
"Mnauona ule mnara wa saa?"